Vidole viwili vya babu

Najua nimepotea humu, si mnajua tena mambo ya UE na boom kuchelewa. Sasa nipo likizo nyumbani Tunduma, vumbi na foleni ya malori ya kwenda Zambia kama kawa.

Juzi usiku tulikuwa tunaangalia sinema ya koboi na babu. Mdogo wangu akauliza kama zile bastola za kuvuta nyundo kwa dole gumba bado zipo. Nikajifanya mjuaji: zile ni Colt za mwaka 1873, na mpaka leo viwanda vya Italia vinatengeneza za kuiga, zinazopiga kweli. Shughuli ipo kwenye risasi. Kuna risasi zinaingia humo vizuri kabisa, kumbe zimejazwa baruti kali kwa ajili ya bastola nyingine zenye chuma kinene zaidi. Ukifyatua, inaweza kupasukia mkononi.

Babu kimya. Halafu akanyanyua mkono wa kushoto, ule wenye vidole vitatu.

Sisi wajukuu wote tunajua vile viwili alinyofoa chui. Kumbe wapi! Ni gobore. Alikuwa akiwinda ngiri wanaomaliza mahindi, baruti ikamwishia, jamaa akamletea iliyotolewa kwenye risasi za bunduki ya kisasa. "Nikasema baruti ni baruti," akasema. Akaipima kwa kipimo chake cha siku zote. Mtutu ukapasuka.

Jamani, hii ni kemia tupu! Baruti ya gobore ni ile nyeusi: potasiamu naitreti, mkaa na salfa. Moshi kibao, ila nguvu ya wastani. Ya risasi za kisasa ni nitroselulosi, Mfaransa Paul Vieille aliitengeneza mwaka 1884. Kipimo kilekile, mgandamizo unapanda mara kadhaa. Na magobore mengi mtutu wake ni bomba tu, limeungwa na fundi wa kijijini.

Kilichonikosesha usingizi ni baba mdogo. Naye ana gobore kule shamba, halina kibali wakati sheria ya silaha ya 2015 inakitaka, na darini ana kopo la baruti "ya mshikaji". Asubuhi nikamfuata na nadharia zangu zote. Akacheka: "Mwalimu, wewe hata kunguru hujawahi kuua."

Nikaishiwa maneno. Nitafundishaje watoto arobaini kama baba mdogo mmoja ananishinda?

Babu alikuwa nyuma yangu. Hakubishana. Aliweka mkono mezani, akasema, "Chui niliwadanganya. Aibu tu." Mara ya kwanza kumsikia akikiri mbele ya mwanawe.

Leo alfajiri baba mdogo kaenda kuripoti kwa mtendaji ili polisi waje wachukue vyote viwili. Kaondoka kanuna, lakini kaenda.

Haya wadau, tukutane chuo. Field ikianza, somo la mgandamizo mfano ninao.