Asubuhi Katika Soko la Owino

Jiji la Kampala limekaa juu ya vilima, lakini biashara yake kubwa imo bondeni. Mgeni ateremkapo kutoka Nakasero, akavipita vituo vya teksi na kuuacha uwanja wa mpira wa Nakivubo ubavuni, hujikuta amekwisha kumezwa na soko la Owino. Soko hilo lilifunguliwa mwaka 1971. Jina lake rasmi ni Mtakatifu Balikuddembe, kwa kumbukumbu ya mfiadini Joseph Mukasa Balikuddembe aliyeuawa mwaka 1885. Walakini mwenyeji akiulizwa njia ya kwenda Balikuddembe huenda akafikiri kidogo, na akiulizwa Owino hunyosha mkono mara moja. Moto uliliunguza mwaka 2009, tena 2011, tena 2013, na kila mara wachuuzi walirudi kutandika meza zao.

Sifa ya Owino ni nguo zilizokwisha kuvaliwa ng'ambo. Waswahili huziita mitumba. Waganda husema mivumba. Marobota hufunguliwa asubuhi na mapema, na wenye maduka ya mjini hukimbilia kuchagua kwanza. Bidhaa ile ile huonekana baadaye imening'inizwa nyuma ya kioo, imepigwa pasi, na bei yake imepanda ngazi.

Siku zinazotangulia kufunguliwa kwa shule, umati huongezeka. Miongoni mwao huwamo mke wa askari aliyetoka kambi ya Nsambya, mshahara wa mumewe ukiwa umefungwa katika ncha ya leso. Watoto wanataka viatu, sweta na mashuka, na fedha hizo hazina nduguye mpaka mwisho wa mwezi.

“Nnyabo, karibu! Mama, tazama ngozi hii!” huita mchuuzi wa viatu.

Mama mzoefu hatazami rangi, maana rangi hupakwa usiku. Hukikunja kiatu ili aone kama ngozi inapasuka, kisha huchunguza mahali soli ilipokutana na ngozi: imeshonwa, au imegandishwa kwa gundi tu? Baada ya hapo hupiga hesabu. Viatu vipya vya plastiki vya shilingi 30,000, vikifa kwa muhula mmoja, vimegharimu 30,000 kwa muhula. Viatu vya ngozi vilivyovaliwa, hata vikiuzwa 45,000, vikidumu mihula mitatu vimegharimu 15,000 tu. Hapo kikuukuu ndicho cha bei ghali siku ya kununua, na ndicho rahisi mwisho wa mwaka. Wengi hukosea hapa, wakidhani mitumba hununuliwa kwa sababu bei yake ni ndogo.

Shuka huinuliwa juani, kwa kuwa huchakaa katikati kwanza. Sweta huvutwa kwapani na kiwikoni. Koti likimzidi mtoto si neno, kwani mafundi wa cherehani wamo sokoni humo humo, nao hulipunguza mteja akingoja. Nyumbani nguo zote hufuliwa kwa maji ya moto, huanikwa juani na kupigwa pasi mpaka kwenye mishono, kabla mtoto hajazigusa.

Kuna vitu ambavyo mama huyo hupita bila kusimama. Mojawapo ni koti la madoadoa ya kijeshi, ambalo pengine huchomoza katika robota la nchi za mbali. Mke wa askari anajua kwamba raia haruhusiwi kuvaa sare ya jeshi. Godoro lililolaliwa hulipita pia, kwa kuwa sponji ikisha kubonyea hairudi. Kofia ya kuendeshea pikipiki iliyotumika ni hatari kuliko vyote: ikisha kupigwa mara moja, ufa wake waweza kujificha ndani, na mwenye kuinunua hataujua ila siku ya kuanguka. Tairi la gari nalo huzeeka hata likiwa na meno mazuri. Ubavuni mwake zimepigwa tarakimu nne, mbili za juma na mbili za mwaka lilipotengenezwa, na mwenye kusoma 0912 ajue ni juma la tisa la mwaka 2012. Uchakavu wa shati huonekana kwa macho. Wa vitu hivi hauonekani.

Biashara hii imekuwa na mashaka yake. Mwaka 2016 wakuu wa nchi za Afrika Mashariki waliazimia kuipunguza hatua kwa hatua, na mwezi wa Agosti 2023 Rais Museveni alitamka huko Mbale kwamba mitumba ikomeshwe ili viwanda vya nyumbani vipate wanunuzi. Hoja hiyo ina uzito katika nchi inayolima pamba. Lakini robota ziliendelea kufunguliwa, na mama mwenye watoto watatu hawezi kuungoja mjadala uishe ndipo awavishe.

Kufika saa sita jua limekuwa kali na njia za sokoni hazipitiki. Mama wa Nsambya amepata viatu jozi mbili, mashuka manne na sweta tatu, moja ikiwa ingali kwa fundi. Godoro atalinunua jipya. Hukaa juu ya furushi lake kando ya cherehani, akizihesabu shilingi zilizobaki, huku fundi akikata uzi kwa meno.