Siku tatu kando ya ziwa



Wengi wanatuuliza sababu gani sisi watatu tulitumia siku tatu nzima kutoka Uvira mpaka Baraka, na ile njia ni kilometa karibu 90 tu. Moto inaimaliza kwa masaa machache. Wengine walicheka, eti miguu yetu iko ya wazee. Basi tunaeleza.

Ilikuwa kiangazi cha mwaka 2022, kisha masomo kufungwa. Kinga zilikuwa tatu: mbili za kuazima, na ya tatu ya marehemu baba ya mwenzetu. Kwa ile kinga mzee alikuwa anachukua mifuko ya ndagala kavu toka Mboko mpaka soko la Uvira, na kwa ile ndagala watoto wake walisoma. Sasa baba mdogo wa Baraka alikubali kuinunua, ili mwenzetu apate minervali ya kilasi cha sita. Kumbe tulikuwa tunaenda kuiacha. Hakuna aliyesema twende polepole, lakini hakuna aliyekanyaga kwa nguvu.

Asubuhi tulipita Kalundu, kwenye bandari. Maji ya ziwa yaliyopanda miaka ile ya 2020 na 2021 yaliacha alama zake: kuta nusu nusu, na miti mikavu. Kisha Kalundu njia inabanwa, mlima kuume, maji kushoto, na ng'ambo milima ya Burundi kama moshi. Kwa kilasi tulijifunza kwamba Tanganyika iko na urefu wa kilometa karibu 670 na kina cha metre 1470, na Lukuga ndio mto pekee unaotoka ndani yake, kule Kalemie. Tuliandika tu. Lakini ukiingia majini mpaka magoti, unahesabu vidole vyako vyote, halafu mbele kidogo maji yanakuwa meusi, ile 1470 inakushika moyo.

Upepo wa kiangazi unatoka kusini. Ulitupiga usoni siku zote tatu, na vumbi pia.

Pa Makobola tulishuka, tukasukuma kinga mpaka nyumba za mwisho. Watu wengi sana waliuawa pale mwisho wa mwaka 1998 na mwanzo wa 1999, sisi bado hatujazaliwa. Mzee mmoja akauliza kama pine imetoboka. Tukasema hapana, mzee. Aliitika kwa kichwa, akatuletea maji ya kunywa.

Tulilala Swima. Mwezi haukuwako, na giza ndio wakati wa wavuvi, sababu ndagala inafuata taa. Tuliketi kwa mchanga mpaka usiku mwingi. Taa zilijaa juu ya maji hata ungesema ni muji mwingine. Mwenzetu alisema baba yake alimwahidi siku moja kumpeleka kule katikati. Hatukujibu kitu.

Kesho yake, Mboko. Wamama walikuwa wanaanika ndagala, na mmoja akapiga kelele: «Ile kinga naijua!» Aliijua kinga mbele ya kumjua mtoto. Wamama wakatuzunguka, wengine wakalia. Yule mama akaingia nyumbani, akarudi na franka zilizofungwa ndani ya kitambaa. Alisema ni deni ya mzee, mfuko mmoja aliolipa naye hakuuchukua. Mwenzetu akakataa. Mama akakasirika kweli kweli, akamtia zile franka mfukoni kwa nguvu.

Usiku tulizihesabu kwa mwanga wa tochi. Tulizihesabu tena. Mmoja wetu alikuwa amekwisha kusema kwamba labda tutarudi na kinga tatu. Hazikufika hata nusu ya minervali.

Siku ya tatu pine ilitoboka kweli, karibu na Lusenda, kwenye kambi ya wakimbizi wa Burundi iliyofunguliwa mwaka 2015. Kijana mmoja wa kambi alitubandikia shambrere, akataka sabuni kuliko franka. Tulimwachia kipande chetu. (Kwa hiyo tulifika Baraka wachafu, na baba mdogo alituambia.)

Kisha kuvuka Mutambala tuliona Ubwari imelala ndani ya ziwa, na ile ghuba wazungu waliyoipa jina la Burton, Mwingereza aliyefika kwa ziwa hili mwaka 1858. Wabembe walikuwa wanavua mule zamani bila kumngojea. Tulipumzika pale muda mrefu kupita siku zote. Hata njaa haikutusukuma.

Baba mdogo alitupokea vizuri: bugali, mukeke, sombe. Alizungusha pedali, akapiga kengele mara mbili, akatoa franka zote bila kupunguza hata moja. Mwenzetu alisema asante, baba mdogo, akaenda kunawa mikono.

Kurudi, kinga mbili, watu watatu, kwa zamu. Upepo ulikuwa mgongoni. Siku moja na nusu, tumefika.

Nyumbani tu ndipo tuliona kwamba pompi ya mzee ilibaki ndani ya mfuko wa mwenzetu. Baba mdogo alituma neno: ikae kwenu. Basi, mwenye kinga isiyokuwa na upepo aje kuomba kwetu, kilasi cha sita, benchi la nyuma. Lakini airudishe.