Bei ya Kutohesabu

Mwaka 1996 jarida la Harper's la Marekani lilichapisha insha ndefu ya David Foster Wallace kuhusu wiki moja aliyokaa kwenye meli ya kitalii katika bahari ya Karibi. Mwaka uliofuata ikaingia kwenye kitabu chake na kukipa jina: A Supposedly Fun Thing I'll Never Do Again. Wengi huisoma kwa sababu inachekesha. Mimi niliisoma nikiwa na kikokotoo mezani, maana sisi ndugu watatu tulikuwa tunachanga pesa za kumpeleka mama baharini kwa mara ya pili, na tulishaanza kununiana.

Hoja ya Wallace, kwa ufupi wangu mwenyewe, ni kwamba meli za aina ile zinaahidi kuishibisha ile sehemu ya kitoto iliyo ndani yetu, inayotaka na kutaka tu. Sehemu hiyo haishibi. Ukiipa zaidi, inapandisha kiwango. Ndiyo maana alipoiona meli nyingine bandarini alianza kuionea wivu, ilhali ile aliyopanda haikuwa na kasoro ya maana. Ni hoja nzuri, lakini inamhusu mtu aliyezoea kupata. Mama yangu aliuza chai na vitumbua karibu na stendi ya mabasi Tanga kwa zaidi ya miaka 30. Sehemu yake ya kutaka aliifunga kamba zamani sana. Sisi tulikuwa tunatafuta meli ya kuifungua.

Safari ya kwanza ilikuwa mwaka 2022, kutoka Galveston, bandari iliyo karibu na Houston ninakoishi. Ilikuwa meli ya kawaida, ya maelfu ya watu. Nauli ilitangazwa dola 700 kwa kila mtu kwa siku 7, na mtu wa mauzo alitamka hiyo 700 kama anatoa sadaka. Sasa hesabu nami. Kodi na ada za bandari, 130. Bahashishi ya wahudumu, ambayo inakatwa yenyewe kila siku, dola 16 mara 7 ni 112. Intaneti, 126. Matembezi mawili nchi kavu, 160. Hapo umefika 1,228 na hujagusa kinywaji cha kulipia. Anayetaka kifurushi cha pombe aongeze kama 580. Jumla inakuwa dola 1,808, na ile 700 imebaki kwenye tangazo.

Meli ya anasa ambayo dada yangu aliipigia debe ilikuwa dola 4,200 kwa kila mtu, pia siku 7, kila kitu ndani: vinywaji, bahashishi, intaneti, matembezi. Ukilinganisha matangazo, ni mara 6. Ukilinganisha bili, kwa mtu anayekunywa ni mara 2 na kidogo. Lakini kwa mama, ambaye ni mswalihina na kinywaji chake kikuu ni chai ya tangawizi, ni karibu mara 3 na nusu. Hiyo ndiyo siri ya vifurushi vyote, vya simu au vya meli: asiyetumia anamlipia anayetumia. Mama angekuwa anachangia shampeni ya wazee wa Florida.

Kaka yangu hakuhitaji hata hesabu hiyo. Alisema, "Watu wawili, dola 8,400. Hizo zinaezeka nyumba ya Tanga na chenji inabaki." Na nyumba ya Tanga ilikuwa kweli haijaezekwa upande wa nyuma. Dada akajibu kwamba nyumba itaezekwa tu, ila magoti ya mama hayatarudi nyuma. Simu zikakatwa.

Kuna tofauti nyingine ambazo pesa hiyo inanunua, na zinapimika. Icon of the Seas, iliyoanza safari Januari 2024 kutoka Miami, ina tani karibu 248,000 na inabeba wageni 5,610 ukihesabu wawili kwa kila chumba. Seven Seas Explorer, meli ya anasa ya mwaka 2016, ina tani karibu 55,000 na wageni wapatao 750. Tani hizi ni kipimo cha ujazo, si uzito, kwa hiyo ukigawanya unapata nafasi ya kila mgeni: 44 kwa ile kubwa, 73 kwa ile ndogo. Kwa lugha ya mtaani, kwenye ile ndogo hupangi foleni ya mayai. Lakini pia kwenye ile ndogo hakuna watoto wanaokimbizana, na mama anapenda sana watoto wa watu.

Kilichoniamulia mimi hakikuwa tani. Kilikuwa chupa ya maji ya 2022. Iliwekwa chumbani na kakaratasi shingoni: dola 4. Mama akaniuliza ni ngapi kwa shilingi, nikamwambia zaidi ya elfu tisa. "Elfu tisa? Maji?" Tangu hapo kila kitu alikiuliza kwanza. Hii nayo ya bure? Kahawa ya kwenye bufee ni bure, ya kwenye mgahawa wa pembeni ni ya kulipia. Keki ya hapa bure, ya pale ina bei. Mimi nilijua tofauti, yeye hakutaka kuijua. Siku ya nne alianza kuacha hata vya bure, kwa tahadhari. Alikaa chumbani anasoma tasbihi, na ukimuuliza anasema ameshiba. Mtu aliyeishi kwa kuhesabu maandazi yaliyobaki kwenye beseni, ukimwekea bei mbele ya macho anarudi kazini.

Basi nikapiga kura upande wa dada. Tukaenda, 2024, kwenye meli ndogo. Na kweli, hapakuwa na bei popote. Siku ya pili mama aliagiza samaki, akaonja, akasema hakumpenda, akaomba mwingine. Mwanamke ambaye sijawahi kumwona akibakiza chakula kwenye sahani! Nilitazama pembeni asione uso wangu.

Lakini bahashishi nayo ilikuwa ndani, na hilo lilimkosesha raha. Aliyekuwa akitengeneza chumba chetu alikuwa kijana wa Mombasa. Alipomwamkia mama "Shikamoo," mambo mengine yote ya meli yalipungua thamani. Mama alitaka kujua analala saa ngapi, ana mke, lini atarudi kwao. Mkataba wa kimataifa wa kazi za mabaharia wa mwaka 2006 unaruhusu hadi saa 72 za kazi kwa wiki, na kijana alisema saa zake zinakaribia hapo, kwa miezi mingi mfululizo. Mama alitaka kumpa chochote. Nikamweleza kwamba imeshalipwa. "Imelipwa na nani? Mimi sijampa kitu." Siku ya mwisho alimwachia kanga ya mama yake kijana, moja ya zile mbili alizokuja nazo, na noti ya dola 20 ndani ya mkunjo. Hiyo haikuwemo kwenye kifurushi cha mtu.

Kwa hiyo nikiulizwa ipi ina thamani, namuuliza anayeniuliza anampeleka nani. Una watoto, au hunywi na huna shida ya kusoma vibandiko vya bei, chukua ya kawaida na chumba kisicho na dirisha. Bahari ni ileile. Mwenza wako anakunywa na anataka utulivu, tofauti ni ndogo kuliko matangazo yanavyoonyesha. Ila kama ni mzazi aliyehesabu maisha yake yote, na mnaweza kuchanga bila mtu kukopa, lipeni kwa mkupuo na risiti msimwonyeshe.

Kaka bado anasema tulikosea. Upande wa nyuma wa nyumba uliezekwa mwaka huu, kwa mabati yake yeye, na kila akinipigia ananikumbusha idadi ya mabati.