Usiku wa moshi kando ya Ziwa Naivasha

Ikiwa wewe ni miongoni mwa wanaodhani fyuzi ni ujanja wa fundi wa kuongeza bei, hebu keti nikusimulie.

Shemeji yangu alituachia trela ndogo ya kupigia kambi, ya kulala watu wanne waliobanana kama dagaa, aliyoundiwa na mafundi wa jua kali huko Kariobangi. Ilikuwa na kila kitu isipokuwa taa. Shule zilipofungwa Agosti, niliapa kwamba hatutamulika chakula kwa tochi ya simu tena. Nikanunua betri ya gari ya volti 12 na balbu tatu za LED. Waya sikununua. Nilikuwa na ule mwembamba uliobaki nilipofunga spika za redio nyumbani.

Mke wangu alikuwa kazini siku niliyozilaza nyaya hizo. Fundi wa umeme wa magari hapo mtaani alisimama akanitazama, kisha akauliza, "Mkubwa, fyuzi iko wapi?" Nikamjibu kwamba ni taa tatu tu, si kinu cha kusaga mahindi. Akacheka, akaenda zake.

Hesabu yangu, ukweli usemwe, ilikuwa sawa. Balbu ya wati 5 kwenye volti 12 hula ampea kasoro nusu. Balbu tatu kwa saa tano ni kama ampea 6 kwa saa moja. Betri yangu ilikuwa ya 70, na betri ya gari haifai kunyonywa kupita nusu, la sivyo hufa mapema. Nilikuwa basi na mwanga wa siku tano. Nilichosahau ni kwamba betri hiyo hiyo inayozipa taa ampea moja na kitu, waya ukigusa mahali pasipofaa, hutoa mamia.

Tuliegesha kando ya Ziwa Naivasha saa kumi na moja jioni. Taa zikawaka, mke wangu akapika wali, na kitinda mimba akaomba moja isizimwe akilala. Viboko hutoka majini usiku kula nyasi, na askari wa kambi alikwisha kutuonya tusitoke ovyo gizani.

Yapata saa nane za usiku nilizinduliwa na harufu ya plastiki inayoungua. Taa zilikuwa zimezimika. Chini ya kitanda cha watoto, ambako ndiko nilikoficha betri, waya ulikuwa mwekundu kama kaa na godoro linafuka moshi. Mke wangu aliwanyakua watoto, akafungua mlango, akasimama papo hapo. Kitu kizito kilikuwa kinang'oa nyasi hatua chache kutoka pale. Hakuweza kwenda wala kurudi.

Nikapapasa kibano cha hasi cha betri, nikavuta. Kilitoka mara moja kwa kuwa nilikikaza kwa vidole tu, bila spana. Uzembe mmoja ukaniokoa na mwingine.

Asubuhi niliona chanzo. Mashimo ya barabarani yalikuwa yameusugua waya wa chanya kwenye ukingo wa bati hadi plastiki ikaisha. Mtoto kujigeuza kidogo kitandani kulitosha kuugusisha na bodi, ambayo nilikuwa nimeiunganisha na hasi.

Fundi yuleyule ndiye aliyerekebisha, wala hakunicheka. Fyuzi ya ampea 10 imekaa sentimita chache kutoka kwenye chanya ya betri, si kule kwenye taa, maana kazi yake ni kuulinda waya wote. Waya wenyewe ni mnene, na kila unapopenya bati umevishwa mpira. Betri amehamishia nje, mbele ya trela, katika kisanduku chenye matundu. Betri ya asidi ikichajiwa hutoa hewa ya haidrojeni inayoweza kulipuka. Haikupasa kamwe kulala na watoto.

Limebaki jambo moja. Usiku ule, nikitetemeka, nilimwambia mke wangu kwamba fundi ndiye aliyezifunga nyaya. Tangu hapo hupita kibandani kwake bila kumsalimu, na maskini hajui amekosa nini. Leo gazeti hili litafika nyumbani, na mama watoto huusoma ukurasa huu kabla ya chai.