Wageni Wachache Bondeni Munisagara

Katika nchi za Ulaya na Marekani kuna desturi ambayo huenda ikakushangaza. Watu kumi, au kumi na sita, wengine hawajuani hata kwa sura, hutoa fedha zao na kukodi motokaa moja ndogo pamoja na dereva ajuaye njia na habari za nchi. Nao huzunguka Ireland na Uskoti kwa siku nane au kumi. Hawaendi kuuza kitu, wala hawaendi msibani. Waenda kutazama milima na maziwa, kusikiliza nyimbo jioni, kula chakula cha wenyeji na kusimuliwa mambo ya kale. Wakirudi kwao, ukiwauliza wameleta nini, watakuonyesha picha na pengine shuka moja la sufu.

Najua utasema huo ni upotevu wa fedha. Ngoja kwanza nikueleze wanachokiona huko.

Waairishi si wageni kwetu. Mapadre Wapalotini waliofika Mbulu mwaka 1940 walitoka kwao, na Askofu wa kwanza wa Mbulu, Patrick Winters, alikuwa Mwairishi. Huko Ireland kuna mlima uitwao Croagh Patrick, wenye mita 764 tu. Kwa mtu aliyezoea Uluguru huo ni kilima. Lakini kila Jumapili ya mwisho ya Julai maelfu ya watu huupanda, wengine miguu mitupu juu ya mawe makali, kwa kumheshimu Mtakatifu Patrisi, ambaye mapokeo yasema alifunga huko siku 40. Motokaa ikiendelea mbele kidogo, dereva husimama penye kuta za mawe zisizo na paa. Hapo huwaambia wageni habari za njaa kuu ya mwaka 1845 hadi 1852, viazi vilipooza shambani. Watu kama milioni moja walikufa, na zaidi ya milioni moja walipanda meli wakaiacha nchi yao.

Kutoka Ireland huvuka bahari nyembamba na kufika Uskoti, kama alivyovuka Mtakatifu Kolumba mwaka 563, akajenga monasteri katika kisiwa kidogo cha Iona. Yasemekana alikuwa na wenzake kumi na wawili. (Ona kwamba hata yeye alikwenda na kundi dogo.) Katika Uskoti wageni hupenda sana reli ya Glenfinnan. Ipo kati ya milima, nayo yapita juu ya daraja lenye matao 21, lililojengwa kati ya mwaka 1897 na 1901. Watu hupanda kilimani wakangoja, mvua inyeshe isinyeshe, ili tu walione gari la moshi likipita chini yao.

Na mabonde ya huko ni kimya sana. Waona nyasi, maji na kondoo, basi. Lakini palikuwa na vijiji. Mwishoni mwa karne ya 18 na katika karne ya 19 mabwana wenye hati za ardhi waliwaondoa wakulima ili walete kondoo, kwa kuwa sufu ilikuwa na faida kuliko kodi ya maskini. Nyumba nyingine zilichomwa moto ili wenyewe wasirudi. Msafiri asiyeambiwa habari hizo husema, “Lo, bonde zuri!” Aliyeambiwa hunyamaza kitambo. Kwa maoni yangu huyo wa pili ndiye aliyepata thamani ya nauli yake.

Sasa niulize: sisi hatuna bonde, hatuna reli kati ya milima, hatuna habari za kale? Tunavyo, na si mbali.

Chukua njia ya Kilosa. Reli ya kati ya zamani, ile iliyofika Morogoro mwaka 1907, Dodoma mwaka 1910 na Kigoma mwaka 1914, hutoka Kilosa ikaingia katika bonde jembamba la mto Mkondoa. Baada ya Kilosa yaja stesheni ya Munisagara, kisha Mzaganza, kisha Kidete. Upande mmoja ni mlima, upande wa pili ni mto, na reli imebanwa katikati. Mto ukipinda, reli nayo hupinda. Maji ya Mkondoa mengi hutoka mbali, huletwa na Kinyasungwe kutoka nchi kavu ya Dodoma. Yakishapita Kilosa hushuka uwanda wa Mkata, yakaingia Wami, hata bahari upande wa Saadani.

Kabla ya reli, bonde hilo lilikuwa mlango wa misafara. Wapagazi wa Kinyamwezi na pembe zao, Waarabu na bidhaa zao, wote walilijua. Hata Waskoti walipita katika nchi hii ya Usagara. James Grant, mzaliwa wa Nairn, alipita mwaka 1860 pamoja na Speke wakienda kutafuta chanzo cha Nile. Mwaka 1871 Stanley, mwandishi wa gazeti la New York Herald, alilifuata bonde la Mkondoa akimtafuta Dkt. Livingstone. Alikuwa na baharia mmoja Mskoti wa bandari ya Leith, jina lake William Farquhar. Maskini huyo alivimba miguu asiweze kutembea. Ikabidi abebwe na punda, na mwisho akaachwa Mpwapwa, akafa huko. Mwaka 1873 kijana Robert Moffat, mtoto wa shemeji yake Livingstone, aliuza shamba lake la miwa huko Natal ili ajiunge na msafara wa Cameron kumsaidia mjomba wake. Homa ilimuua katika mwezi wa Mei, hata milima ya Usagara hajaifikia. Naye Livingstone mwenyewe alikuwa amekwisha kufa siku chache kabla yake, mbali sana, karibu na ziwa Bangweulu. Habari hiyo haikuwa imefika. Februari 1874 Susi na Chuma na wenzao waliufikisha mwili wake Bagamoyo, nao ukapumzishwa katika misioni yetu Katoliki, ingawa marehemu hakuwa Mkatoliki.

Lakini kuna kundi jingine dogo ambalo kila mtoto wa Kilosa angepaswa kulijua. Mwaka 1884, mwezi wa Novemba, Wazungu wanne walitoka Unguja wakavuka kuja bara. Mkubwa wao alikuwa Karl Peters, Mjerumani. Walizunguka majuma machache tu, wakiwa na zawadi, bendera na karatasi. Mwezi wa Desemba walikuwa Usagara, wakafanya mkataba na mtu waliyemwandika “Muinin Sagara”, wakimwita sultani wa nchi hiyo. Soma jina hilo kwa sauti, msomaji, na utasikia jina la stesheni yetu ndani yake. Mkataba uliandikwa kwa Kijerumani, lugha ambayo mwenyeji hakuijua. Yeye alidhani amepata rafiki. Peters alirudi kwao na makaratasi hayo ya Usagara, Uzigua, Nguru na Ukami, na tarehe 27 Februari 1885 Kaisari alitia sahihi barua ya ulinzi. Hivyo ndivyo utawala wa Wajerumani ulivyoanza katika nchi hii: wageni wanne, safari ya majuma machache.

Kwa sababu hiyo sikubali wale wasemao kwamba safari ya kutembea tu ni jambo jepesi. Mgeni aingiapo kijijini kwa watu huleta kitu na huondoka na kitu. Wenyeji wa Munisagara wana haki ya kujua ni kitu gani.

Tuseme basi jumuiya yako ndogo ndogo imeamua kutembea. Tangu Maaskofu wa Afrika Mashariki walipokazia jumuiya hizi katika mikutano yao ya mwaka 1973 na 1976, tunalo kundi lililokwisha kupangwa, nyumba kumi au kumi na tano zinazojuana. Wazungu hulipa ili kupata wenzi wa safari. Sisi tunao tayari. Msizidi kumi na wawili. Watu sitini wakishuka kwa pamoja wataimaliza ndoo ya kisima, na mama mwenye nyumba hatajua aanze na nani. Watu kumi na wawili wanaweza kupikiwa sufuria moja ya ugali, wakakaa mkekani pamoja na wenyeji, na mzee akasikika bila kupaza sauti.

Tumeni mtu mbele. Amwone mwenyekiti wa kijiji, aeleze mnatoka wapi, mko wangapi, mnataka nini. Chakula kilipiwe kwa bei mliyopatana mapema, tena fedha apewe mama aliyepika mkononi mwake. Picha msipige kabla ya kuomba. Na mkifika, amkieni watu. Kijana asipite mbele ya mzee bila “Shikamoo” eti kwa kuwa amekuja matembezini.

Wasagara, kama Wakaguru, Wavidunda na Waluguru jirani zao, huhesabu ukoo kwa upande wa mama, na neno la mjomba lina uzito. Ulizeni habari za koo, kwa adabu. Ulizeni pia majina ya vilima na vijito, na kila jina lina maana gani. Kule Uskoti watoto walipata kuchapwa shuleni kwa kusema Kigaeli, lugha ya bibi zao. Leo serikali yao huandika majina ya miji kwa lugha mbili kwenye vibao vya barabara, na walimu hutafutwa kwa shida. Kisagara hakijafika hapo, lakini vijana wengi wa bonde sasa huota ndoto kwa Kiswahili. Chukueni daftari. Mzee akitaja jina la mlima, liandikeni kama alivyolitamka.

Mkiwa hapo tazameni mto vizuri. Mwishoni mwa Desemba 2009 na Januari 2010 Mkondoa ulifurika. Tuta lililouzuia mto Kilosa lilibomoka, maelfu ya watu walikosa nyumba, na reli katika bonde hili iling'olewa na maji vipande vipande. Treni za abiria kutoka Dar es Salaam zikakatika kwa miezi. Haikuwa mara ya kwanza, wala haikuwa ya mwisho. Watu hulaumu mvua. Lakini mvua huishukia milima yenye miti na milima isiyo na miti sawasawa. Tofauti ni kinachoshuka baadaye. Palipokatwa miti kwa mkaa na kulimwa hata ukingoni, mchanga hujaza mto, mto hupanda juu ya kingo zake, na ukikosa njia huchukua ya reli. Wa bondeni huvuna dhambi za wa juu, nao wa juu wana njaa yao na hawana pa kulima pengine. Nimeona hata watu wazima wakilirahisisha jambo hili kwa kusema “wakatazwe”. Wakatazwe, kisha wale nini?

Tena kuna reli mpya. Tangu mwaka 2024 treni za umeme huenda Dar es Salaam hata Dodoma zikipitia Kilosa, na katika milima hiyo yamechimbwa mahandaki manne, moja likipita kilomita moja kwa urefu. Ni kazi kubwa, nayo yafaa kusifiwa. Lakini mwenye haraka atapita ndani ya mlima gizani asijue kuna watu upande wa pili. Kijiji kilichozaliwa na stesheni huwaza sana stesheni hiyo inapokuwa kimya. Mama mwenye ndizi zake huuza kwa treni inayosimama.

Mkiwa na siku ya pili, rudini Kilosa mkashike njia ya kusini. Mtapita mahali paitwapo Ulaya! Ndiyo, Ulaya ya wilaya ya Kilosa. Mwaweza kurudi nyumbani mkajisifu kwa haki kwamba mmefika Ulaya bila pasipoti. Mbele yake ni Mikumi, na hifadhi iliyoanzishwa mwaka 1964, yenye kilomita za mraba 3,230. Tembo, twiga, nyati na pundamilia wamo katika uwanda wa Mkata, na barabara kuu ya Iringa hukata kati ya hifadhi, hata abiria wa basi huwaona bila kulipa. Kwa kuingia ndani kuna kiingilio, na kwa raia ni kidogo kuliko kwa mgeni wa nje. Watoto wapelekeni, watafurahi. Lakini wanyama wawe siku ya pili, Munisagara iwe ya kwanza. Watoto wakishaona tembo hawatamsikiliza mzee.

Wakati mzuri ni kuanzia Juni hata Oktoba, mvua zikiwa zimekwisha na mto umetulia. Ulizeni kwanza stesheni ya Kilosa kama treni ya reli ya zamani inachukua abiria siku hiyo, na kama haipo, waulizeni hapo hapo njia ya barabara. Msitembee juu ya reli, hata mkiambiwa ni njia ya mkato. Katika kona zile dereva hawezi kuwaona mapema. Beba maji, kofia, na chumvi na sabuni za kuwapa wenyeji. Na Jumapili isiwakute njiani: ulizeni mapema saa ya Misa Kilosa.