Kengele ya moto ikilia, ventilateri zizimike

Wewe mama unayelala na watoto katika sale ya kanisa hapa Katuba, leo naandika juu ya kosa langu mwenyewe.

Kabla ya kuandika habari za mtaa nilikuwa fundi wa umeme. Sale moja ilikuwa imepokea familia zilizokimbia vita. Ilikuwa mwezi wa kumi, joto kali, mvua bado. Waliniita nifunge ventilateri nne kubwa kwenye plafo. Kengele ya moshi ilikuwepo tayari, nami sikuigusa. Swichi niliiweka katika ofisi ya nyuma ili watoto wasiichezee. Nilijisifu hata.

Usiku mmoja mbabula iliyoachwa na makala ya moto iliunguza godoro. Moshi haukupanda moja kwa moja hadi kwenye kengele. Upepo wa ventilateri uliusambaza chini, kati ya watu waliolala. Kengele ilichelewa. Hata ilipolia, mabawa yaliendelea kuzunguka na kuchochea moto, na mwenye ufunguo wa ofisi alikuwa kwake. Vijana walivunja mlango. Hakufa mtu, lakini mtoto mmoja aliungua mkono. Asubuhi mama yake alinionyesha juu: “Papa, njo ile yenye ilituletea moshi.” Sikuwa na jibu.

Huko Marekani, kanuni ya NFPA 13 inataka ventilateri kubwa sana za maghala zizimike mara maji ya kuzima moto yanapoanza kutoka kwenye plafo. Sisi hatuna maji hayo, lakini moshi ni uleule.

Nilirudi kurekebisha, bila kulipwa. Kengele nikaihamisha mbali na upepo. Ventilateri nikazipatia disjontere yao, mbali na taa, maana mtu anayekimbia anahitaji kuona njia. Halafu kontaktere, ambayo bobini yake inapata umeme kupitia rele ya kengele. Kengele ikilia, rele inakata, kontaktere inaachia. Ukiwa na sale kama hiyo, mwambie fundi atumie upande wa rele unaokata, si unaowasha: panya wakila waya, ventilateri zitasimama na mtu atakuja kuuliza kwa nini.

Tena kuna delestaji yetu. Umeme ukirudi saa nane ya usiku, ventilateri zisianze zenyewe. Lazima mtu abonyeze kitufe. Kengele yenyewe ina betri yake. Wengine walinung’unika kwa sababu ya joto. Niliwaacha wanung’unike.

Tulijaribu mchana, kwa moshi wa karatasi. Kengele ikalia, watoto wakaanza kuhesabu, kwa sababu mabawa mazito hayasimami papo hapo. Yule mama alitazama juu mpaka bawa la mwisho liliposimama, kisha akauhamisha mkeka wake karibu na mlango.