QUARTZSITE: Jangwa kavu, nyumba zinaozea bafuni

WIKI hii tunakwenda mbali kidogo. Tunakwenda Arizona, Marekani, kwenye kimji kinachoitwa Quartzsite. Ukitoka Phoenix ukashika barabara kuu namba 10 kuelekea California, unaendesha kilomita 200 hivi, kulia mawe, kushoto mawe, mpaka uanze kuona vitu vyeupe viking'aa jangwani kama vile mtu kamwaga sukari. Usidhani ni mabati ya kambi ya jeshi. Ni magari-nyumba.

Gari-nyumba ndiyo nini? Ni basi au tela lenye kila kitu ndani: kitanda, jiko, friji, choo na bafu. Ukichoka na majirani unawasha injini, nyumba inaondoka na wewe. Wakazi wa kudumu wa Quartzsite ni elfu mbili na ushei tu, na kiangazi joto linapopita nyuzi 40 mji unapooza kabisa. Lakini subiri Januari. Kule kaskazini theluji inaanguka, mabomba yanaganda, na wazee wenye pensheni zao wanateremka kwa maelfu kutafuta jua. Wamarekani wenyewe wanawaita "ndege wa theluji". Serikali imewatengea eneo la jangwa liitwalo La Posa, ambako kuanzia Septemba 15 hadi Aprili 15 mtu analipia kibali, anaegesha na kukaa msimu mzima.

HAJI NA NGAMIA WAKE

Ukifika usiache kupita makaburini. Kuna piramidi ya mawe, na juu yake amesimama ngamia wa shaba. Hapo amelala Haji Ali, mchunga ngamia kutoka Dola ya Uthmaniya, aliyeletwa Marekani katika miaka ya 1850 wakati jeshi la huko lilipojaribu kubebea mizigo jangwani kwa ngamia. Jina lake likawashinda Wazungu, wakamwita Hi Jolly. Alifariki 1902, na mnara ulijengwa 1935.

Ngamia wa Haji alikunywa maji akaenda zake. Gari-nyumba halina bahati hiyo. Linabeba maji tumboni, na maji hayohayo ndiyo yanayolimaliza. Yanaanzia wapi? Bafuni.

KUOGA KWA MAHESABU

La Posa hakuna bomba linalokufuata mlangoni. Unajaza tangi lako, unakwenda kuegesha, basi. Magari mengi hubeba kama lita 150. Bomba la mvua la nyumbani Marekani linaruhusiwa kutoa hadi lita 9.5 kwa dakika. Piga hesabu mwenyewe: ukioga huku unaimba, tangi zima limekwisha kwa robo saa, na hujapika wala kuosha kikombe.

Kwa hiyo wanaoga kibaharia. Unajilowanisha, unafunga maji. Unajipaka sabuni, unafungua, unajisuuza haraka, unafunga. Sisi tuliokulia ndoo na kopo tunaweza kwenda kuwafundisha!

Tena maji machafu nayo hayaendi popote. Yanaingia tangi la pili chini ya gari, na likijaa unafunga safari kwenda kulimwaga kituoni. Hapo ndipo mgeni anapodhani kazi yote ya bafu ni kubana maji. Wenyeji wa msimu watamwambia kazi kubwa ni kuyazuia yasipite pembeni.

ADUI NI UFA WA UNYWELE

Bafu la nyumba ya kawaida limekaa juu ya zege. La gari-nyumba limekaa juu ya plaiwudi. Beseni la chini, pale unaposimama, ni plastiki au faibaglasi nyembamba. Ukilikanyaga linabonyea kidogo, ukitoka linarudi. Halafu unaling'oa gari na kuliendesha kilomita 500 za matuta na makorongo. Kwa nyumba, safari hiyo ni sawa na tetemeko la ardhi la kutwa nzima.

Kinachoshikilia beseni na ukuta visiachane ni mstari mmoja tu wa silikoni, mwembamba kuliko kidole chako. Mstari ule ukichanika, hata kwa upana wa unywele, kila ukioga vijiko viwili vitatu vya maji vinapenya. Huvioni. Sakafu juu ni kavu, nje jangwa limekauka, nguo zinakauka kwa saa moja. Lakini chini ya beseni hakuna jua wala upepo. Plaiwudi inavimba, inaachana tabaka kwa tabaka, mbao za fremu zinaoza, ukungu unaota. Siku unagundua, mguu unazama.

Dalili zipo, ukizitafuta. Kanyaga sakafu nje ya bafu: ikidunda kama godoro, kuna jambo. Bonyeza ukuta wa pembeni: ukiwa laini au umevimba, kuna jambo. Mstari wa silikoni ukiwa mweusi usioisha kwa kusugua, au ukinusa harufu ya gunia lililolowa, usingoje kesho.

DAWA YAKE

Kwanza ng'oa silikoni ya zamani yote. Hapa ndipo wengi wanapochemka. Wanaona ufa, wanapaka mpya juu ya kuukuu. Silikoni mpya haishiki juu ya ile ya zamani. Baada ya safari mbili inabanduka kama ganda la ndizi. Kwangua kwa kifaa cha plastiki, maana kisu kitalichora beseni na kukuachia kasheshe nyingine.

Pili, futa kwa spiriti na uache pakauke kabisa. Unyevu ukibaki ndani, umeufungia wewe mwenyewe.

Tatu, weka ndoo mbili za maji ndani ya beseni kabla ya kupaka. Uzito unalishusha kama vile umesimama wewe, na mwanya unafunguka hadi mwisho wake. Ukipaka beseni likiwa tupu, siku ya kwanza ukilikanyaga silikoni inavutika na kuchanika.

Nne, bandika tepu ya karatasi ya mafundi rangi juu na chini ya mwanya, kamua silikoni ya bafuni kwa mkono mmoja usiosimama, lainisha kwa kidole kilicholowa, kisha toa tepu ingali mbichi. Acha saa 24 bila kuoga, na ndoo zikae humohumo.

Na usizibe kila tundu unaloliona. Fremu ya mlango wa bafu ina vijitundu kwa upande wa ndani, ni vya kurudishia maji kwenye beseni. Ukiviziba, maji yatatafuta njia ya kutokea sebuleni. Pia silikoni hiyo usiipeleke juu ya paa la mpira, kule kuna gundi yake.

Matunzo ya kila siku ni madogo. Ukimaliza kuoga futa kuta, fungua kidirisha cha juu mvuke utoke. Usisugue plastiki kwa steli waya wala unga wa kukwaruza. Kichwa cha bomba kikiziba kwa chumvi ya maji magumu, kilaze ndani ya siki usiku mmoja. Gari likikaa wiki kadhaa bila kutumika, mimina kikombe cha maji kwenye tundu la kutolea maji. Lile bomba lililokunjwa chini yake likikauka, harufu ya tangi inapanda hadi kitandani.

SI WOTE WAPO MATEMBEZINI

Sasa usicheke ukadhani haya ni mambo ya wazee wenye nazo. Baada ya msukosuko wa uchumi wa 2008, Wamarekani wengi walipoteza nyumba zao, na baadhi wakahamia kwenye magari moja kwa moja. Mwandishi Jessica Bruder aliandika kitabu juu yao mwaka 2017, na filamu iliyotokana nacho, Nomadland, ikachukua Oscar ya filamu bora mwaka 2021. Sehemu yake ilipigwa hapohapo Quartzsite.

Kwa mtu wa namna hiyo gari-nyumba ndiyo nyumba, ndiyo akiba, ndiyo urithi. Tyubu ya silikoni anaipata kwa dola chache. Sakafu ikioza, inabidi bafu zima ling'olewe, mbao zikatwe, gari lilale gereji wiki nzima au zaidi. Na nyumba yako ikilala gereji, wewe unalala wapi? Ndiyo maana La Posa utamwona bibi wa miaka 70 amepiga magoti bafuni, tochi mdomoni, anapitisha kidole kwenye kona moja baada ya nyingine. Si kwamba hana kazi. Analinda paa la kichwa chake kuanzia chini.

Nawe uliyepanga ghorofa ya tatu na bafu lako la marumaru, usijione umepona. Jirani wa chini akianza kuona duara la kahawia kwenye dari yake, atakuja kugonga mlangoni kwako, si kwa mwenye nyumba. Pitisha kidole kwenye kona leo jioni, kabla hajaja. Tukutane wiki ijayo!